Vyura wa Kihansi: Kutoka Bondeni hadi Bustani za Wanyama, na Kurudi

Umeme uwakao katika nyumba au darasa la Mwankoko, kata iliyomo katika Manispaa ya Singida, hauonyeshi umetoka mto gani. Gridi ya taifa huzikusanya nguvu za vituo mbalimbali na kuzipitisha pamoja katika nyaya zitokazo Iringa, zikapita Dodoma na Singida, zikaelekea Shinyanga na Mwanza. Kimojawapo cha vituo hivyo ni Kihansi, katika miteremko ya Milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro. Kituo hicho, chenye mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja, kilikamilika mwaka 2000. Mwishoni mwa mwaka huohuo, vyura 499 waliokuwa wakiishi kando ya maporomoko ya mto huo walitiwa katika visanduku na kusafirishwa kwa ndege hadi New York. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho ni maji.

Kila bustani ya wanyama huwa na daftari. Humo huandikwa waliozaliwa, waliokufa, walioletwa na waliopelekwa kwingine. Kwa kawaida habari za daftari hilo hazimshughulishi sana mtu asiye mlinzi wa vizimba: simba kazaa, kiboko kafa, mbuni wawili wamepokewa. Tanzania nayo iliwahi kuwa na bustani ya namna hiyo katika Kisiwa cha Saanane, karibu na mji wa Mwanza, iliyoanzishwa mwaka 1964. Tangu 2013 kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa. Simba akifa katika bustani, wako simba wengine porini. Lakini kwa miaka kadhaa daftari la vyura wa Kihansi lilikuwa na maana nyingine kabisa, kwa sababu waliohesabiwa humo ndio waliobaki duniani.

Chura huyo, ambaye jina lake la kisayansi ni Nectophrynoides asperginis, hakujulikana na wanasayansi kabla ya mwaka 1996. Alionekana katika uchunguzi wa mazingira uliofanywa wakati kazi ya ujenzi wa bwawa imekwisha kuanza. Maelezo yake rasmi yalitolewa mwishoni mwa miaka ya 1990 na wataalamu wanne, mmoja wao akiwa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni kiumbe mdogo mno. Jike aliyekomaa hafikii sentimeta 3 kwa urefu, na dume ni mfupi kuliko jike. Rangi yake ni ya manjano kama dhahabu. Makao yake yote yalikuwa majani yaliyoloa manyunyu ya maporomoko, eneo la takriban hekta 2 tu, yaani kama viwanja vitatu vya mpira wa miguu vikiwekwa pamoja. Hajapata kuonekana mahali pengine popote.

Yafaa kuuliza kwa nini kiumbe afungike katika mahali padogo namna hiyo. Jibu limo katika ngozi yake. Chura hunywa maji na kuvuta sehemu ya hewa kwa njia ya ngozi. Kwa hiyo ngozi hiyo ni nyembamba na hupitisha maji kwa urahisi, ndani na nje. Tena udogo wenyewe huongeza hatari. Mwanafunzi achukue mche wa udongo wenye pande za sentimeta 10, kisha mwingine wenye pande za sentimeta 1. Mche mkubwa una eneo la nje la sentimeta za mraba 600 kwa ujazo wa sentimeta 1,000, yaani 0.6 kwa kila sentimeta moja ya ujazo. Mche mdogo una sentimeta za mraba 6 kwa ujazo wa sentimeta moja. Kwa kadiri ya ukubwa wake, basi, ule mdogo una uso mkubwa mara kumi wa kupotezea maji. Chura wa sentimeta 2 mwenye ngozi isiyozuia maji hawezi kukaa muda mrefu katika hewa kavu.

Vyura wa nchi kavu kama Singida wana ufumbuzi wao. Baadhi yao hujifukia ardhini kiangazi chote, nao hutoka mvua zinapoanza. Hata hivyo maji yoyote si maji kwa chura: maziwa ya Singidani na Kindai, ambayo flamingo huyapenda, yana chumvi, na ngozi nyembamba ikiwekwa katika maji yenye chumvi kuliko mwili, maji ya mwilini hutoka nje kwa kanuni ya osmosisi. Chura wa Kihansi hakuhitaji hila yoyote ya kiangazi. Kando ya maporomoko hapakuwa na kiangazi. Mto ulianguka juu ya miamba usiku na mchana, maji yakapasuka kuwa ukungu, ukungu ukayalowesha majani mwaka mzima. Kwa vizazi visivyohesabika mvua hiyo haikupata kukatika.

Kuna jambo la pili la kustaajabisha. Wanafunzi hufundishwa kwamba chura hutaga mayai majini, mayai huangua viluwiluwi, na viluwiluwi hugeuka kuwa vyura. Chura wa Kihansi hafuati utaratibu huo. Mayai hurutubishwa ndani ya mwili wa jike, hukua ndani ya mirija ya mayai yakijilisha kwa kiini chake, na jike huzaa vyura kamili, wenye miguu minne na wasio na mkia, kila mmoja akiwa na urefu wa milimeta 5 hivi. Jenasi ya Nectophrynoides, ambayo ni ya Tanzania, inajulikana kwa uzazi huo. Katika bonde lenye mkondo mkali, ambapo viluwiluwi wangesombwa mara moja, faida yake inaonekana wazi. Ila kuna hasara pia: jike huzaa watoto wachache tu kwa mara moja, ilhali chura wa kawaida wa madimbwini hutaga mayai kwa mamia na hata maelfu. Jamii ya vyura wanaozaa wachache haiwezi kujaza pengo haraka baada ya msiba.

Sasa turudi kwenye bwawa. Kihansi haina bwawa kubwa. Thamani yake ni urefu wa mteremko. Maji huchukuliwa juu ya maporomoko, hupitishwa ndani ya mwamba, na kuishukia mitambo kutoka kimo cha meta 850 hivi. Kilogramu 1,000 za maji, ambazo ni meta moja ya ujazo, zikizidishwa kwa 9.8 na kwa 850, hutoa jouli milioni 8.3. Kwa hiyo kila meta moja ya ujazo ipitayo katika sekunde moja ina nguvu ya megawati 8 na ziada, kabla ya kutoa kile kinachopotea katika mabomba na mashine. Ili mitambo yote mitatu itoe megawati 180 huhitaji zaidi ya meta za ujazo 21 kwa sekunde. Wastani wa mto wenyewe, kabla ya bwawa, ulikuwa kama 16. Mwalimu atakayewapa wanafunzi hesabu hii hatahitaji maelezo mengi juu ya mvutano uliofuata, maana mashine peke yake zingeweza kuunywa mto wote na kudai zaidi.

Mitambo ilipoanza kazi, takriban asilimia 90 ya maji ya mto yalielekezwa humo. Maporomoko yakawa michirizi. Ukungu ukapotea, majani yakaanza kukauka, na mimea ya sehemu kavu ikaingia. Hapo ndipo serikali ya Tanzania ilipokubali vyura wachukuliwe na kupelekwa Bustani ya Bronx mjini New York kabla hawajaisha. Kutoka huko waligawanywa kwa bustani nyingine kadhaa za Marekani, ikiwemo ile ya Toledo katika jimbo la Ohio. Kuwagawa ni busara ya kawaida: ugonjwa ukiingia katika nyumba moja, nyingine husalimika.

Watu wengi nchini walicheka. Taifa lenye uhaba wa umeme, walisema, linawapandisha vyura ndege! Kicheko hicho kinaeleweka, lakini hesabu ile ile ya megawati inakipunguzia nguvu. Maji yaliyoachwa yaendelee kushuka bondeni baada ya majadiliano hayakufikia meta 2 za ujazo kwa sekunde, nayo ni sawa na megawati 16 hivi kati ya 180. Gharama hiyo si ndogo wakati wa ukame, wala si ya kuizima nchi.

Kazi ya bustani haikuwa rahisi kama ilivyodhaniwa. Hakuna aliyewahi kumfuga chura huyo. Alikuwa amejulikana kwa miaka minne tu, na katika muda huo hapakuwa na aliyepata nafasi ya kuchunguza anakula nini kila siku, anahitaji mwanga kiasi gani, wala huugua nini. Vyura walianza kufa. Wengine walikuwa na minyoo ya mapafu, wengine nimonia, wengine maradhi ya ngozi ya kuvu, na wengine kasoro zilizohusiana na chakula. Bustani moja baada ya nyingine ilipoteza vyura wake, mpaka wakabaki Bronx na Toledo peke yake. Kufikia miaka ya 2003 na 2004 idadi yao yote katika bustani ilishuka chini ya 40. Kati ya kila vyura kumi na wawili waliopanda ndege, ilikuwa kana kwamba hakubaki hata mmoja kamili.

Kilichowaokoa ni subira ya walinzi, ambao walibadili jambo moja moja na kuandika matokeo yake. Maji yalichujwa na kupulizwa kama ukungu kwa mashine zenye saa. Chakula kikawa cha aina nyingi: inzi wadogo wa matunda, vitoto vya nyenje, na vidudu virukavyo vya udongoni, vikinyunyiziwa unga wa vitamini na chokaa kabla ya kutolewa. Mwanga ulikuwa na umuhimu wa pekee. Ngozi ya mnyama hutengeneza vitamini D kwa msaada wa miale ya urujuanimno iliyomo katika nuru ya jua, na bila vitamini hiyo mwili hauwezi kuitumia chokaa ipasavyo. Vioo vya madirisha huizuia sehemu kubwa ya miale hiyo, na taa za kawaida za nyumbani haziitoi. Taa maalumu zilipowekwa, na joto likapangwa sawasawa, watoto walianza kukua hadi kuzaa. Katika miaka michache idadi ilipanda kutoka makumi hadi maelfu.

Bondeni nako habari zilikuwa zikibadilika. Mwaka 2001 mabomba yenye matundu membamba yalitandikwa juu ya maeneo ya manyunyu ili kuiga ukungu wa maporomoko, maji yakishuka kwa nguvu ya mteremko wenyewe. Mimea ya unyevu ilirudi, na vyura waliobaki wakaongezeka. Katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kuwa kama 20,000. Ilionekana kana kwamba tatizo limekwisha. Kisha, ndani ya miezi michache, wakatoweka. Mwanzoni mwa 2004 watafutaji waliona wachache wa kuhesabika kwa vidole, na hatimaye hawakuonekana tena.

Anguko la ghafla namna hiyo haliwezi kuelezwa kwa uhaba wa ukungu tu. Wataalamu walitaja mambo kadhaa: dawa za wadudu za mashambani zilizoweza kuteremka na maji ya bwawa yalipofunguliwa, siafu waliovamia majani yalipokuwa yamekauka, na kuvu. Dawa na siafu zimebaki kuwa hoja za kujadiliwa. Kuvu ilionekana katika miili ya vyura waliokufa.

Kuvu hiyo, Batrachochytrium dendrobatidis, ilitambuliwa na sayansi mwishoni mwa miaka ya 1990, nayo imewaangamiza vyura katika mabara mengi. Huishi katika tabaka la nje la ngozi. Mbegu zake huogelea, hivyo tone la maji au kiatu chenye tope chaweza kuihamisha kutoka bonde hadi bonde. Mamalia mwenye ugonjwa wa ngozi kwa kawaida huwashwa tu, lakini kwa chura ngozi ni sawa na pafu na figo. Ikiharibika, chumvi za mwilini kama sodiamu na potasiamu hupungua katika damu, na moyo, ambao hupiga kwa msaada wa chumvi hizo, husimama. Mahali penye ubaridi na unyevu daima ndipo kuvu hiyo inapostawi. Kwa maneno mengine, makao yaliyomfaa chura wa Kihansi kuliko yote ndiyo yaliyoifaa kuvu.

Mwaka 2009 Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini, ambayo hutolewa na Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mazingira, iliandika kwamba chura huyo ametoweka porini. Mwezi Agosti 2010 vyura 100 kutoka Bronx na Toledo waliletwa Dar es Salaam katika chumba maalumu kilichojengwa Chuo Kikuu, chenye mashine za kupoza hewa na kuchuja maji; maana joto la pwani lingewaua kwa muda mfupi. Wafanyakazi wa Kitanzania walikuwa wamepata mafunzo katika bustani hizo za Marekani. Baadaye kituo kingine cha kuzalishia kilifunguliwa Kihansi kwenyewe. Majaribio yalifanywa kwanza kwa vyura wachache waliofungiwa vizimbani bondeni, ili ijulikane kama wataugua. Mwishoni mwa 2012 vyura wapatao 2,000 waliachiliwa katika makao ya wazee wao. Tukio hilo linahesabiwa kuwa mara ya kwanza duniani kwa jamii ya amfibia iliyotoweka porini kurudishwa mahali pake.

Wengi waliosikia habari hiyo walidhani hadithi imefikia mwisho. Kwa mwanabiolojia ndipo maswali magumu yalipoanza. Vyura walioachiliwa wanatokana na wazee wachache sana waliosalimika katika bustani. Nadharia ya urithi inasema kwamba jamii yenye wazazi 40 wanaochangia sawa hupoteza katika kizazi kimoja takriban asilimia 1.25 ya tofauti zake za kurithi, yaani moja kwa mara mbili ya idadi yao. Hasara hiyo ni ndogo ikitokea mara moja. Lakini ikiwa kati ya hao 40 waliozaa ni watano tu, hasara ni asilimia 10. Vyura wanaofugwa kwa makundi katika kisanduku kimoja hawaandikiki baba na mama kwa jina, kama wanavyoandikwa simba au faru wa bustani. Mlinzi anachoweza kufanya ni kuwahamisha hamisha kati ya visanduku na kati ya bustani ili damu ichanganyike. Na tofauti hizo za kurithi ndizo ambazo, mahali penye kuvu, huamua kama wapo watakaoihimili.

Neno kutoweka porini nalo lina kipimo chake. Halifutwi siku vyura wanapoachiliwa. Sharti ionekane kwamba wale waliozaliwa bondeni wanazaa wenyewe, tena kizazi baada ya kizazi, bila idadi yao kutegemea visanduku vinavyoteremshwa kutoka kituoni. Kwa sababu hiyo Orodha Nyekundu iliendelea kumweka chura wa Kihansi mahali palepale hata baada ya 2012, na vyura wengine wakaendelea kuachiliwa katika miaka iliyofuata. Kuwahesabu ni kazi ngumu kuliko kuwaachilia. Mhesabu hushuka katika genge linaloteleza, huchagua miraba midogo ya majani, hupekua unyasi kwa unyasi ndani ya manyunyu akitafuta mnyama wa sentimeta 2, kisha huzidisha alichokiona kwa ukubwa wa eneo. Tena hapana budi asiwe yeye mwenyewe mbebaji wa kuvu. Kabla hajaingia katika eneo la manyunyu husugua viatu vyake, huvikanyagisha katika dawa ya kuua vijidudu, ndipo anaposhika njia ya bondeni.